Sikio la Pili

Jino la Kunda liling'oka Jumanne asubuhi, ndani ya uji.

Aliacha kijiko, akatia vidole viwili mdomoni, akalitoa na kulinyanyua juu. "Mama! Limetoka lenyewe! Wala halijauma!"

Nikaweka chini sufuria niliyokuwa nasugua. Mwanangu ana miaka sita na nusu. Jino la kwanza la mtoto wa umri huo hulegea wiki nzima, huning'inia, hutoka kwa uzi na kilio na damu kidogo kwenye mate. Hili lilikuwa limetoka kama kifungo cha shati kuukuu. Damu hakuna.

"Hebu lete hapa."

"Usiliweke kwenye kopo, Mama. Nataka nilirushe mwenyewe."

Alitaka kulirusha juu ya bati. Bibi yake ndiye aliyemwambia kwamba zamani mtoto alirusha jino lake juu ya paa, akamwomba mjusi ampe jipya. Ni kweli, hata mimi nilirusha yangu, na mpaka leo naukumbuka mlio wake likigonga bati, ting, kisha likibingirika kwenda zake. Lakini sasa ni marufuku. Jino lolote la mtoto wa Ngaremeti linatiwa kwenye kopo lenye namba, na ndani ya siku tatu liwe limefika Ofisi ya Meno.

Akaniwekea kiganjani.

Mimi ninafanya kazi katika ofisi hiyo. Kwa mikono hii nimeshika meno ya watoto zaidi ya mia sita. Uzito wa jino la mbele la mtoto naujua kama muuza vitumbua anavyoujua uzito wa kitumbua, sihitaji kulipima. Jino la Kunda lilikuwa jeupe, laini, zuri kabisa, na lilikuwa jepesi kama ganda la karanga.

Niliogopa, nikiwa natabasamu mbele ya mtoto.

"Mbona unaniangalia hivyo?" akauliza.

"Nakuangalia pengo lako. Umekuwa kibibi."

Akacheka, akakimbilia nje kuwaonyesha wenzake. Nikamfuata mlangoni, nikapaza sauti, "Kunda! Tembea! Usikimbie!"

Tangu wiki mbili kabla ya siku hiyo, mama wote wa mtaa wetu tulikuwa na neno hilo mdomoni. Usikimbie. Usirukeruke. Shuka taratibu. Ndeshi wa jirani yangu alikuwa ameshuka kwenye dawati shuleni, dawati tu, akavunjika paja.

* * *

Wewe unayesoma hii, labda kijijini kwenu maji hayana tatizo. Kwetu chemchemi zote zinatoka mlimani, na maji yake yana floridi nyingi, yanachoma meno. Mimi nina meno ya kahawia, kama kila mtu mzima wa Ngaremeti. Picha zangu zote za harusi nimefumba mdomo. Nikicheka naziba kwa kiganja, na ukimwona mtu mjini anacheka hivyo, muulize kwao ni wapi, atakutajia upande wetu.

Ndipo zikaletwa Chembe Safi. Hilo ni jina la kwenye makaratasi. Sisi tunaziita mchwa. Ni vidude vilivyotengenezwa, vidogo hivi kwamba maelfu yanakaa juu ya ncha ya sindano, vinatiwa kwenye tangi, vinatafuta floridi ndani ya maji na kuila. Kila kimoja kina tumbo la madini mazito yanayoitwa bismuthi, ili kikishiba kizame chini ya tangi na maji ya juu yabaki safi. Tuliambiwa havivuki chujio.

Kunda ni wa kizazi cha kwanza. Jino lake la kwanza lilipochomoza nilikaa naye mlangoni kwenye jua, nikamfunua mdomo, nikaliangalia lile jeupe nikalia. Sitakudanganya kwamba nilikuwa na wasiwasi. Nilishukuru. Kila mama alishukuru.

Ofisi ya Meno ilifunguliwa baadaye kidogo, baada ya minong'ono kwamba chache zinavuka. Sheria ikatoka. Kila jino la utoto litazamwe kwenye hadubini ya elektroni. Mtoto atakayekutwa na mchwa ndani ya jino atapelekwa Kambi ya Mvua, kule uwanda wa juu, anywe maji ya mvua peke yake na dawa, miaka mitatu. Mzazi haruhusiwi kumtembelea, asije akabeba maji yetu kwenye nguo zake. Na kijiji kikikutwa na watoto ishirini, tangi linafungwa.

Walichukuliwa watoto tisa. Wanne wametuma barua. Watano hatujui.

Jino lililofuata lilikuwa la Ndeshi.

* * *

Fundi Nanyaro ndiye mwendesha mashine. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, mtu wa mzaha. Mimi huniita Sonara, kwa sababu kazi yangu ni kupaka meno dhahabu.

Jumatano mchana, wenzetu walipokwenda kula, nilimkuta amefungua kopo lake la makande.

"Sonara, karibu. Leo yana maharage kuliko mahindi, ujue mama yule ananipenda."

"Fundi, nina jino."

"Una meno thelathini na mawili, yote ya rangi ya chai."

Sikucheka. Nikafungua kitambaa mezani. Akalitazama jino, akanitazama mimi, akafunika makande.

"La Kunda?"

"La Kunda."

"Lipake, tulipige picha, tuandike safi. Kama siku zote."

"Lishike kwanza."

Akalishika. Akalipeleka juu chini kwenye kiganja, kama ninavyofanya mimi. Mzaha wote ukamtoka usoni.

"Nataka tulitazame kwa sikio la pili," nikasema. "Mimi na wewe tu. Tusiandike. Nataka kujua."

Ngoja nieleze masikio, maana kila kitu kimetokea hapo.

Mashine yetu haina jicho. Inalipiga jino kwa mshale mwembamba wa elektroni, nukta kwa nukta, mstari kwa mstari, kama mtu anayefagia uwanja bila kuruka hata unyayo mmoja. Kila nukta ikipigwa inajibu, na majibu ni ya aina nyingi. Picha utakayoiona inategemea umechagua kusikiliza jibu lipi. Vile vipokezi vya majibu Fundi anaviita masikio.

Sikio la kwanza linasikia elektroni dhaifu zinazochomoka juujuu, kwenye ngozi ya kitu. Hilo linatoa sura, kwa maana ya vilima, mabonde na mikwaruzo, na linatoa picha nzuri sana. Sikio la pili linasikia zile zenye nguvu, zilizoingia ndani kidogo, zikagonga na kurudi. Kitu kizito kinarudisha nyingi, kinang'aa. Kitu chepesi kinarudisha chache, kinakuwa giza. Sikio la tatu linasikia eksirei na linaweza hata kukutajia madini kwa jina, ila linachukua muda.

Mchwa wana tumbo zito. Kwa sikio la kwanza, mchwa aliyejificha chini ya ngozi ya jino hayupo. Kwa sikio la pili anang'aa kama taa.

Na kuna jambo la kupaka. Jino halipitishi umeme, ukiliweka hivihivi linajaa umeme na picha inawaka hovyo, kwa hiyo lazima lipakwe kitu kinachopitisha. Dhahabu inalifurahisha sikio la kwanza. Lakini dhahabu nayo ni nzito. Ukiipaka nene, sikio la pili linaiona dhahabu tu. Ukitaka sikio la pili likwambie kilichomo, unapaka kaboni, kama masizi membamba.

Siku jino la Ndeshi lilipoletwa, miaka miwili nyuma, mama yake alikuja nalo mwenyewe. Ni shoga yangu. Alikuwa amezika mtoto mwaka uleule. Akanishika mkono pale dirishani akasema, "Mama Kunda, na huyu wakimchukua, mimi nitabaki na nani?"

Nikaenda kwa Fundi. Nikamwambia, "Hili tulitazame kwa sikio la kwanza tu. Nitalipaka dhahabu mara tatu."

Fundi hakuuliza. Kwenye daftari kuna safu imeandikwa "sikio lililotumika". Akaandika moja. Matokeo, safi.

Baada ya Ndeshi akaja mwingine mwenye machozi, na mwingine. Ungekuwa wewe ungemwambia nani ndiyo na nani hapana? Mwishowe hatukusubiri hata machozi. Dhahabu mara tatu, sikio moja, safi. Meno mia sita na zaidi. Tuliona tunafanya huruma, na Mungu anajua tuliifanya kwa moyo mmoja.

* * *

Jioni, wenzetu walipoondoka, nililikata jino la mwanangu katikati kwa msumeno mdogo wa almasi. Nikajaza gundi ngumu kwenye nyufa, nikaling'arisha uso wa mkato mpaka ukawa kama kioo, nikapaka kaboni. Kila hatua niliirudia, kazi ya saa moja ikachukua saa mbili. Fundi akaliweka ndani, akafunga mlango, pampu ikaanza kunyonya hewa.

"Tuanze na la kwanza," akasema.

Skrini ikaleta uwanda wa kijivu, tambarare, safi. Ungeweza kuuandikia cheti palepale.

"Sasa la pili."

Akabonyeza.

Umewahi kuvunja nguzo ya nyumba iliyoliwa na mchwa wa kweli? Nje rangi ipo, misumari ipo, ndani ni vichochoro. Hivyo ndivyo lilivyokuwa jino la Kunda. Vichochoro vyeusi, vilivyonyooka, vimepangana, kona kwa kona, kutoka kwenye mzizi kwenda juu. Na mwisho wa kila kichochoro, nukta zinazong'aa, zimejipanga mstari mmoja kama watoto wanaosubiri kuingia darasani.

"Floridi ya kwenye maji imewaishia," Fundi akasema polepole. "Wanakula ya kwenye mfupa."

"Mfupa una floridi?"

"Kidogo. Mfupa na jino vinaiweka akiba. Hawa walifundishwa kutafuta, hawakufundishwa kuacha."

Akahamia sikio la tatu kuhakikisha. Tukasubiri dakika kumi na tano. Likaandika bismuthi. Fundi akarudisha sikio la pili, atazame mara ya mwisho kabla ya kuzima mashine.

Nikamshika mkono. "Subiri. Rudisha ile picha ya mwanzo ya sikio hili."

Akaziweka mbili pamoja, ile ya mwanzo na hii. Pembeni upande wa kulia, kwenye picha ya mwanzo, kichochoro kimoja kilikuwa kimeishia kabla ya ufa mdogo. Kwenye hii ya pili kilikuwa kimeupita.

Jino lilikuwa limetoka mdomoni tangu jana. Limekatwa, limepakwa, limo ndani ya chumba kisicho na hewa. Na wale walikuwa bado kazini.

Fundi alitoka nje. Nilimsikia akinawa mikono nyuma ya ofisi, mara ya pili, mara ya tatu.

* * *

Alhamisi asubuhi alikuja Bi Tumsifu, afisa wa mradi, na fremu kumi za picha zikiwa tupu.

"Hamjambo wapendwa! Fundi, shikamoo. Mama Kunda, umependeza. Nimewaletea habari." Alikuwa na furaha ya kweli, si mtu mbaya. "Jumamosi bomba kubwa la maji ya Chembe Safi linafunguliwa. Vijiji arobaini! Na unajua kwa nini wamekubali? Kwa sababu ya Ngaremeti. Miaka miwili, meno mia sita, hakuna hata mchwa mmoja. Hizi fremu zinataka picha zenu. Zile zinazofanana na mawingu."

Nilisikia maneno yake yakipita moja moja. Hakuna hata mchwa mmoja. Vijiji arobaini.

Sikuwa nimelala. Niliyofikiria yalikuwa haya, na nakiri: jino nilisage, niweke jingine kwenye kopo, Kunda nimpikie kwa maji ya mvua kimyakimya. Ningekinga kila bati. Hakuna ambaye angejua. Nilikuwa nimeshaweka ndoo.

"Mna jino humo ndani?" Bi Tumsifu akauliza, akiiangalia mashine. "Nionyesheni mojawapo, nichague."

Kabla Fundi hajajibu, mlango uligongwa. Alikuwa Mama Ndeshi. Amembeba mtoto mgongoni, mguu wa Ndeshi na plasta yake umetoka ubavuni kama mpini wa jembe.

"Samahanini, nimeingilia," akasema. Kisha akaniona. "Mama Kunda, nisaidie shoga yangu. Nataka nakala ya cheti cha jino la Ndeshi."

"Cha nini?"

"Hospitali. Daktari anasema mfupa wa mtoto umekatika kama biskuti. Wameangalia kumbukumbu, cheti kinasema safi. Sasa wanasema kama mtoto ni safi, basi mfupa umevunjwa na mtu." Akamweka Ndeshi kwenye benchi taratibu, taratibu mno. "Wananiuliza kama nampiga, Mama Kunda. Mimi. Ndeshi wakamwita peke yake chumbani wakamuuliza, mama yako huwa anakupiga na nini?"

"Nikawaambia dawati," Ndeshi akasema. "Hawakuamini."

"Kesho ustawi wa jamii wanakuja nyumbani. Nataka cheti kingine chenye maelezo, niwaonyeshe kwamba nilimleta, kwamba sikuficha kitu."

Bi Tumsifu akamwinamia mtoto, akampa pole, akasema neno kuhusu ajali. Mimi nilikuwa namwangalia Fundi, na Fundi ananiangalia mimi. Mkono wake ulikuwa juu ya mashine. Ndani mlikuwa bado na jino la Kunda. Kitufe kimoja kinatoa uwanda safi. Kitufe cha pembeni yake kinatoa vichochoro.

"Mama Kunda," Fundi akasema. Hakuniita Sonara. "Sikio gani?"

Nilimwona Kunda na pengo lake. Nikamwona kwenye lori la Kambi. Nikaona barua nne, na tano ambazo hazijaja. Jibu la kumwokoa mwanangu lilikuwa neno moja, la kwanza, na nilikuwa nimeshalisema mara mia sita kwa watoto wa wenzangu.

"La pili," nikasema.

Bi Tumsifu alikuwa wa kwanza kuona. Akasogea, akasogea tena. Tabasamu halikumtoka mara moja, lilibaki usoni limesahauliwa.

"Hiki ni nini?"

Fundi akamweleza. Alisema vyote, dhahabu mara tatu, daftari, sikio moja. Akasema ni yeye. Nikasema si yeye, ni mimi niliyemwomba.

Bi Tumsifu akaketi kwenye kiti cha Fundi. Akaongea kwa sauti ndogo, akiniangalia mimi tu. "Hili ni jino la nani?"

"La mwanangu."

"Basi nisikilize, mama. Rudisha hilo sikio la kwanza. Mtoto wako abaki nyumbani. Mimi sijaona. Bomba tutalichunguza baadaye, polepole, kwa utaratibu. Ukiandika hii, unajua lori linakuja kesho, na linakuja kwa watoto wote, si wako peke yake. Unataka kuwafanyia wenzako hivyo?"

Hakuwa anatishia. Alikuwa anaomba. Alikuwa anasema yaleyale niliyokuwa nikiyasema mimi miaka miwili, kwa huruma ileile, na kuyasikia kwenye mdomo wa mtu mwingine kulinitia hofu kuliko wale mchwa.

Ndipo Mama Ndeshi akaongea, nyuma yetu. Tulikuwa tumemsahau.

"Mama Kunda." Alikuwa anaiangalia skrini. "La Ndeshi wangu mlilitazama kwa sikio gani?"

Nikauangalia mguu wa Ndeshi.

"Nakuuliza. Sikio gani?"

"La kwanza."

"Ulijua?"

"Niliogopa kujua. Uliniambia utabaki na nani."

"Nilikwambia." Akaguna, kicheko kisicho kicheko. "Nilikwambia, ndiyo. Mimi nilikuwa mama mwenye uchungu, nilisema kila kitu. Wewe ulikuwa na mashine."

Akamwinua Ndeshi kutoka kwenye benchi. Mtoto akalia kidogo mguu ulipoguswa. Mama Ndeshi akasimama palepale, hakutoka.

"Andika," akasema. "Niko hapa mpaka uandike. Anza na wako."

Nikavuta daftari. Namba, nikaandika. Umri, miaka sita na nusu. Upako, kaboni. Sikio lililotumika, la pili. Matokeo. Hapo kalamu ilikwama. Nilisoma mpaka darasa la saba na mwandiko wangu ni mzuri, walimu walikuwa wakinisifu, lakini neno mchwa lilitoka limepinda kama la mtoto wa chekechea.

* * *

Lori lilikuja Jumatatu, si kesho yake, kwa sababu tulifanya kazi siku tatu, usiku na mchana, mimi na Fundi kuyakata upya meno yaliyokuwa kwenye makopo, ishirini ishirini kwenye bonge moja la gundi. Bi Tumsifu alikaa nasi siku mbili, akiyasoma majina kwa sauti. Siku ya tatu aliitwa makao makuu na hajarudi. Tulipofika jino la mia nne tuliacha kuhesabu waliokuwa safi, maana walikuwa wawili.

Walikwenda watoto sabini kwa mara ya kwanza. Wengine watafuata. Tangi limefungwa, na tunachota tena chemchemi ileile ya meno ya kahawia, tunashukuru. Mama Ndeshi hasemi nami. Ustawi wa jamii walimwachia, nilikwenda mwenyewe na daftari. Alinipita mlangoni kama mtu anayepita mti.

Kunda alipanda akiwa amevaa sweta la kijani. Nilimwambia akae katikati, asishikilie ukingo, asirukeruke barabara ikiwa mbaya.

"Mama, nitarudi meno mapya yakiwa yameota?"

"Yatakuwa yameota."

"Yatakuwa meupe?"

"Rangi yoyote itafaa, mwanangu."

Akafungua kiganja. Lilikuwa jino jingine, la chini. Alikuwa amelificha tangu asubuhi. "Hili usipeleke ofisini. Hili lirushe juu ya bati. Niahidi."

Nikaahidi.

Sikulirusha. Sikuthubutu kusikia kama litalia au halitalia. Nililitia kwenye kopo la majani ya chai, kavu kabisa, nikalifunga, nikaliweka juu ya kabati. Nilisema atalirusha mwenyewe akirudi.

Bomba la vijiji arobaini halijafunguliwa. Lakini halijafutwa. Wanasema limeahirishwa, na nimesikia kwamba mchwa wale wanatengenezwa upya, wanafundishwa kuacha. Labda. Ndiyo maana naandika, nakuandikia wewe, mama usiyenijua. Watakapokuletea picha ya jino la mwanao, inang'aa, laini kama wingu, usifurahi haraka kama mimi. Waulize wamelipaka nini. Waulize wamesikiliza kwa sikio gani. Na akitokea mtu mwenye huruma, anakunong'oneza kwamba ataliangalia kwa namna ya kukusaidia, mkatalie. Mkatalie hata ukiwa unalia.

Jana nililishusha kopo. Ilikuwa siku ya tisa tangu lori liondoke. Nilitaka tu kulishika jino, nimkumbuke.

Mahali pa jino kulikuwa na unga mweupe tu, kiasi cha chumvi unayobana kwa vidole viwili.

Darasa la sita tulifundishwa kwamba mtu ana mifupa mia mbili na sita. Nimekaa tangu jana naitaja ya Kunda, mmoja mmoja, kila ninaoujua jina, kuanzia miguuni.